Moshi Juu ya Kioo cha Jua

Kionjio kilishusha ulimi wake wa sindano, kikagusa kipande cha kioo, kisha kikatamka kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Si safi."

Mhandisi Mwanakombo Shehe alidhani mashine imekosea. Kionjio kiliundwa hapa hapa Tanga, katika karakana ya vioo vya kulitazama jua, na kazi yake ni kuonja uso wa kioo na kutambua uchafu ambao hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona. Kipande kile kiliitwa shahidi. Kilikaa ndani ya sanduku moja na kioo kikubwa mpaka siku ya safari, ili lolote litakalokipata kioo likipate nacho. Kioo kikubwa kilikuwa kimesharushwa angani wiki iliyopita.

Wala hicho si kioo cha kujitazamia, msomaji. Eksirei za jua hupenya kioo cha kawaida zikaenda zake. Ili ziruke, lazima ziparuze kwa pembeni uso laini kupita kiasi, kama kijiwe kinavyorukaruka juu ya maji. Ndiyo maana kioo hiki kilikuwa na umbo la bomba, na roboti walikisugua kwa miaka. Kazi yake ilikuwa kuona cheche hafifu zinazotangulia dhoruba ya jua, ili wachimbaji walioko Mwezini wapate muda wa kuteremka shimoni kabla mionzi haijawafikia. Nasibu, mtoto wa pekee wa Mwanakombo, alikuwa mmoja wa wachimbaji hao.

"Uchafu gani?" aliuliza.

"Moshi. Wa udi."

Mwanakombo aligeuka. Mumewe, Hamdani, fundi wa kufunga mizigo, alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuinamisha.

"Nilifukiza kidogo tu, mama Nasibu," alisema. "Kitu kinasafiri, kinakwenda kumlinda mtoto wetu. Ningekiachaje kiende hivi hivi?"

"Hamdani! Umekipofusha!"

Hakuwa na nguvu ya kumgombeza zaidi. Alimpenda, na moyo ulimuuma kwa sababu alijua hata marehemu mama yake mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Utando ule wa moshi ungemeza cheche zote hafifu. Lakini akiripoti, Hamdani angeburutwa mahakamani. Basi akamstiri mumewe. Alifuta jibu la Kionjio, kisha akashusha kipimo cha mtambo wa tahadhari unaopokea habari za kioo, ili king'ora kilie huko Mwezini kwa dalili yoyote ile, hata ya uongo. Afadhali wakimbie bure, alijisemea.

Wakakimbia bure. Wakakimbia tena na tena, wakiacha keekee zao za kutobolea katikati ya mwamba. Wakubwa wa mgodi walipouliza kulikoni, Mwanakombo alijibu kwamba mtambo ni mpya, bado unazoea. Jibu hilo liliwatosha. Kule juu wachimbaji wakakibandika king'ora jina: Mama Wasiwasi.

Mchana mmoja mstari wa mionzi ya jua kwenye skrini yake ulipanda. Mwanakombo alingoja ushuke kama siku zote. Haukushuka. Alipoona unazidi kupanda, alimpigia Nasibu moja kwa moja.

"Teremkeni shimoni, mwanangu. Sasa hivi!"

Maneno yalichukua muda kufika, na jibu likachukua muda kurudi.

"Shikamoo, mama." Nasibu alikuwa anacheka. "Tumekisikia hicho king'ora chako. Msimamizi kasema tumalize kutoboa mwamba kwanza."

"Nasibu, safari hii ni kweli! Kioo kina moshi. Baba yako alikifukiza udi, mimi nikaficha. Ndiyo maana king'ora kimekuwa kikilia ovyo!"

Akangoja maneno yafike. Kisha sauti za wanaume wenzake, wote kwenye laini moja, zikaangua kicheko.

"Leo mama kaja na ya udi!" mmoja alisema. "Kesho atatuletea ya hirizi."

"Nasibu, nakuomba."

"Haya, mama, nimesikia," alisema mwanawe kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Tukimaliza tu, tunateremka."

Kisha akakata simu, akarudi kazini.