Duka la Mwanatumu Lahama

Jumamosi hiyo ofisi ya vifurushi ya Ukunda ilikuwa imefurika. Watu walibanana na maboksi yao, feni ilizunguka bila kuleta upepo, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Mwanatumu.

"Mteja yuko Nakuru. Jina lake lipo, mtaa wake upo. Kwa nini mzigo umerudi?"

"Dada, nambari ya simu haijakamilika," alijibu karani. "Ndivyo ilivyotoka kwenye hilo duka lenu la mtandaoni."

Mwanatumu alivaa buibui lenye tarizi ya fedha mikononi na mtandio wa kijani ulioteleza kila alipotikisa kichwa kwa hasira. Alitengeneza sabuni za mwani nyumbani kwao Munje, akaziuza kupitia jukwaa la kampuni moja ya mtandaoni. Siku hizi kampuni hiyo ilimficha nambari za wateja wake mwenyewe, na kando ya kila sabuni yake ilitangaza sabuni za watu wengine.

"Basi nahama!" alisema, akaukumbatia mzigo wake. "Hawawezi kunifanya mpangaji katika duka langu."

"Unahamia wapi?" iliuliza sauti nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye shati jeupe la kitani, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, alikuwa akitabasamu.

"Yakuhusu nini?"

"Samahani, dada. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuhamisha maduka ya mtandaoni. Naitwa Alfani, mtu wa Kikoneni. Ofisi yangu iko hapo ghorofani, juu ya duka la vipuri."

"Kuhamisha kunachukua muda gani?"

"Kama mwezi hivi."

"Mwezi! Nahamisha duka, sihami nchi!"

Watu kwenye foleni walicheka. Alfani alicheka pamoja nao, lakini hakurudi nyuma.

"Picha na bei zinahama kwa siku moja. Wateja ndio wazito. Anwani yako ya zamani wanayo kwenye simu zao, na sifa zako wameziandika kule kule. Halafu malipo ya simu lazima tuyajaribu mpaka yasikosee. Ukihama kwa pupa, watabisha mlango usio na mtu."

Mwanatumu alimpima kwa macho, juu mpaka chini.

"Haya, mwezi. Ukizidisha utanijua."

"Hata sasa ningependa kukujua," alisema Alfani.

Kazi ikaanza. Alfani alikuja Munje kupiga picha za sabuni, akamwamkia Bi Maimuna, mama yake Mwanatumu, kwa shikamoo ya heshima, akawekewa viazi vya karai na chai ya tangawizi. Mwanatumu alizipanga sabuni juu ya leso nyekundu, mikono yake ikinukia karafuu. Kijana alipiga picha nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake simu ililia.

"Hujambo, Bi Mwani?"

"Sijambo, fundi. Duka limefika wapi?"

"Limefika kwenye sabuni ya mdalasini, likakwama. Kuna mkono wa mtu kwenye picha."

"Si uukate?"

"Nimeshindwa. Nimeutazama asubuhi nzima."

Mwanatumu alijifunika uso kwa leso, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Mwezi ukaisha, duka halijafunguliwa. Kila alipouliza, Alfani alijibu, "Bado kidogo, mpenzi. Malipo hayajakaa sawa," kisha akaja Munje tena.

Abubakar, kaka yake Mwanatumu, hakupendezwa.

"Mwenye hoteli kule Galu anazitaka sabuni zako zote," alisema. "Ataziuza kwa jina la hoteli, na wewe utapata mshahara. Huyo kijana anakuzungusha. Kazi yenyewe ni ya siku moja!"

"Sabuni zangu zitauzwa kwa jina langu, kaka."

"Jina litakulisha?"

"Limenilisha mpaka leo. Na bati la nyumba hii limelilipia."

Alimjibu kijeuri, lakini neno la kuzungushwa lilimkaa moyoni. Ndipo Fridah akapiga simu. Fridah alikuwa rafiki yake kutoka bara, mpokea wageni katika hoteli moja ya Diani.

"Mwanatumu, hii si duka yako mpya? Nimeipata kwa simu. Nimeagiza sabuni mbili na malipo yamekubali bila shida!"

Mwanatumu alijaribu mwenyewe. Duka lilikuwa zima, sabuni ya mdalasini ipo, na mkono upo. Kila kitu kilifanya kazi. Akampigia Alfani.

"Duka limekuwa tayari tangu lini?"

Alfani akaanza tena habari za malipo.

"Nakuuliza, Alfani!"

"Limekuwa tayari siku kadhaa. Nisikilize, Mwanatumu—"

"Nimekusikiliza vya kutosha. Leo hii nalifunga la zamani."

"Usilifunge! Tuliache wazi, tuweke tangazo la kuwaelekeza wateja huku. Hilo sikudanganyi."

"Na lile lingine ulinidanganya."

Alikata simu. Kisha, machozi yakimlengalenga, akaingia katika duka la zamani na kulifunga kwa mkono wake.

Siku zilizofuata hakuna aliyeagiza kitu. Waliobonyeza anwani ya zamani walikuta ukurasa mtupu. Sabuni zilirundikana mezani, na Abubakar akaja na habari zilezile za Galu.

"Hata nikioga nazo mimi peke yangu," alisema Mwanatumu, "huyo bwana hazipati."

Akaketi barazani na simu yake. Nambari za watu aliowahi kuwatumia mizigo alikuwa nazo, zile za zamani kabla kampuni haijaanza kuzificha. Akampigia mmoja baada ya mwingine. "Assalamu alaykum, ni Mwanatumu wa sabuni. Nimehama." Wengine walicheka, wengine walimtakia heri. Mama mmoja wa Voi alimwambia alidhani amefariki. Polepole maagizo yakaanza kuingia tena.

Alipofunga mzigo wa kwanza alikwenda Ukunda, akaupeleka ofisi ya vifurushi, kisha akapanda ngazi za ghorofani juu ya duka la vipuri. Alfani alisimama ghafla. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Kuhusu kufunga duka, ulisema kweli," Mwanatumu alianza. "Niliharibu, na nimetengeneza mwenyewe. Sasa niambie lako."

"Mwezi wa kwanza ulikuwa kazi tupu, wallahi," alisema Alfani. "Kilichozidi hapo ni uoga. Niliona duka likiisha sitakuwa na sababu ya kuja Munje."

"Kwa hiyo ukanichezea biashara yangu?"

"Nilikosea. Sina la kujitetea."

"Sababu ya kuja ungeiomba, Alfani. Huwezi kuiiba."

"Basi naiomba. Nikiwatuma wazee wangu, watapokewa?"

Mwanatumu alirekebisha mtandio wake taratibu, akimwacha ateseke.

"Waje Ijumaa," alisema. "Na wewe unyoe."

Ijumaa baada ya alasiri, wazee wa Kikoneni waliketi sebuleni kwa Bi Maimuna, kanzu zimepigwa pasi, Alfani mwisho wa mkeka akiwa ameinamisha kichwa. Abubakar aliwasikiliza, akakohoa.

"Tumewasikia. Binti tutamuuliza kwa nafasi yetu, jibu tutawaletea siku nyingine."

Pazia la ukumbini lilifunguka. Mwanatumu alitoka na gauni la zambarau, hina mbichi mikononi.

"Shikamooni, wazee wangu. Kaka, niulize sasa, nipo hapa."

"Mwanatumu, rudi ndani."

"Nitarudi nikishajibu. Nimekubali kuolewa na Alfani. Na sabuni nitaendelea kuziuza kwa jina langu, nikiwa mke wa mtu. Asiyetaka aseme leo."

Abubakar alifungua mdomo, lakini vigelegele vya Bi Maimuna kutoka jikoni vilimtangulia.