Asiyepiga Hodi

Siti alikuwa akila ubwabwa, mchana kweupe, alipoinua kichwa na kuuliza, "Mama, mbona yule mgeni hakupiga hodi?"

Chumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Lakini kulikuwa na harufu ya tope la mikoko, na hapo Kibiti mjini mikoko haipo. Muzdalifa, mama mtu, fundi cherehani, aliacha kushona, maana alishajua huyo mgeni ni nani.

Mambo yalianzia kwenye simu. Wapenzi wa tamthilia moja ya wanyonya damu walikuwa wakijitungia visa vyao na kurushiana kwenye kundi. Aliyewapita wote ni Shamsia wa Maparoni, kule delta kwenye mikoko. Mnyonya damu wake alikuwa mtanashati wa suti, mpole, mwenye harufu ya tope la mikoko, na masimulizi yalivyokuwa matamu Muzdalifa aliunguza nguo za wateja kwa pasi. Ila jamaa alikuwa akipiga hodi mara tatu kila mlango; asipokaribishwa, huyo akaenda zake. Muzdalifa, ambaye mdomo wake hauna breki, akaandika: "Shoga, mtindo wako asali, lakini huyu ni mnyonya damu au mkwe? Hatishi! Mwache aingie tu." Kundi zima likacheka, likamuunga mkono. Asubuhi ya siku hii ya ubwabwa sehemu mpya ilitoka, na jamaa aliingia bila hodi.

Sasa Muzdalifa akampigia Shamsia simu. "Mdogo wangu," alinong'ona, "huyu mtu wako ulimtoa wapi?"

"Suti ndiyo ya kwenye tamthilia, dada. Mwenyewe ni jini wa kwetu. Bibi yangu alimfunga kwa sharti la hodi." Shamsia alianza kulia. "Mlinicheka, nikaona haya. Nimeshaifuta ile sehemu, dada, lakini huku kwetu hayupo tena."

Kufikia alasiri midomo ya Siti ilikuwa imepauka na mikono imekuwa baridi. Muzdalifa akamleta Bi Mwanaamina, mganga, naye akafukiza ubani, akasoma, akamwuliza jini jina lake asijibiwe, akasoma tena kwa sauti iliyokuwa ikimkauka, na kila aliposoma mtoto alizidi kulegea na lile tope likazidi kunuka, kwenye vitambaa, kwenye ubwabwa, kwenye nywele za Siti, mpaka bibi wa watu akafunika chetezo.

"Mwanangu, angekuwa mgeni ningemuaga akaenda zake. Huyu hakubisha wala hakukaribishwa. Anayeingia ndani bila hodi ni nani?"

Muzdalifa alimkumbatia Siti.

"Ni mwenye nyumba," alisema Bi Mwanaamina, akavaa kandambili zake.

Muzdalifa alimfuata hadi uani, akimsihi, akimshika kanga. Aliporudi alikuta mlango umefungwa. Akausukuma, haukwenda. Ndani Siti alikohoa mara moja, kisha kimya. Akaita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkatika. Mwisho, kwa kukosa la kufanya, akasema, "Hodi."

"Nani mwenzangu?" iliuliza sauti ya kiume, ya upole sana. "Mtoto amelala."

Akapiga hodi ya pili, na ya tatu. Hakukaribishwa.