Mukhisa Hana Bibi, Lakini Ana Mama

Kila asubuhi, jua likitoka, Mukhisa alikuwa ameshakamua ng'ombe sita. Huo ulikuwa mwaka wa 1956, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Kiminini. Wakamuaji walikuwa wanane. Wanne walikuwa na bibi, wanne walikuwa bachela. Kazi ilikuwa moja, ndoo zilikuwa zile zile, na ng'ombe aliwapiga wote teke bila kuuliza.

Lakini mapumziko hayakuwa sawa. Jumamosi moja kila mwezi, wenye bibi waliachiliwa waende nyumbani siku mbili. Bachela walibaki. Siku hizo kila bachela alikamua ng'ombe wake, halafu akakamua na wa mwenzake.

Mimi Nasambu ni binti wa baba mdogo wa Mukhisa. Kwetu huyo ni kaka yangu kabisa. Nilikaa kijijini Bokoli na mama yake, Mama Nekoye, ambaye ni mjane. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza, ukilala unaona nyota. Mvua ya Machi ilikuwa karibu. Na kwetu paa la mjane linaezekwa na mwanawe. Akiezeka mtu mwingine, majirani wanauliza kama mwana amekufa.

Mukhisa akamwendea nyapara Wabwile.

"Naomba siku mbili, nikaezeke nyumba ya mama."

"Una bibi?"

"Sina."

"Sasa nyumbani unaenda kwa nani? Mtu bila bibi hana mji. Oa kwanza, bana!"

Watu walicheka. Jotham, mkamuaji mwenye watoto wanne, akaongeza, "Si ng'ombe ndio bibi yako, Mukhisa? Mpelekee majani!"

Mukhisa hakucheka. Alituma mtu aniite. Nilipofika Kiminini na lori la mahindi, alinivuta kando.

"Nasambu, leo wewe ni bibi yangu. Nyapara akuone tu, aandike kwamba nimeoa."

"Kaka! Huo ni mwiko."

"Ni maneno tu. Bibi mpya haongei sana. Wewe angalia chini."

Nilifikiria lile paa, nikakubali.

Wabwile aliniangalia, akaitika kwa kichwa. Lakini bibi yake, Nakhungu, alitukaribisha chai. Akaniuliza swali ambalo kila bibi mpya anaulizwa kwanza.

"Mwanangu, baba yako ni wa ukoo gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini kukana ukoo ni kumkana baba, na baba yangu alikuwa kaburini.

"Babuya," nikasema.

Kikombe kilimtoka mkononi. "Babuya? Si Mukhisa pia ni wa Babuya! Uuuwi! Ameoa dada yake!"

Watu walitoka nyumbani mbio. Mzee mmoja akaanza kuuliza ni nani ana kondoo wa kutakasa. Mukhisa alitokea zizini na ndoo mkononi, maziwa yakimwagika.

"Sijaoa! Sijaoa mtu yeyote! Nilidanganya!"

Wabwile alikasirika sana. "Kesho utoke hapa!"

Mwalimu Edah alikuwa akifundisha watu wazima kusoma kila Jumamosi kwenye ghala la mahindi. Aliposikia kelele alikuja na chaki yake. Alisikiliza yote, kisha akasema pole pole.

"Mukhisa, umekosa. Kudanganya si njia, na umemtia dada yako aibu. Lakini, mzee Wabwile, ulimwambia ruhusa inataka bibi. Akatafuta bibi. Hebu niambie, ng'ombe anajua kama anayemkamua ameoa?"

"Atajuaje!"

"Basi pumziko linatoka kwa kazi, halitoki kwa ndoa. Aliyefanya kazi amechoka. Na huyu bachela ana mama. Mwingine ana wadogo wake. Hao pia ni watu wa nyumbani."

Jotham akaruka. "Ati sisi tunyimwe, wao wapewe? Mimi niko na watoto wanne!"

"Hakuna anayenyimwa," Edah alisema. Akachora mistari minane kwenye mlango wa ghala. "Nyinyi ni wanane. Kila wiki waende wawili. Baada ya wiki nne, kila mtu ameona nyumbani. Na hapa kila siku wanabaki sita."

Wabwile aliihesabu ile mistari. Kila wanne walipoenda pamoja, ukamuaji ulichelewa. Gari la maziwa liliondoka, maziwa yakachacha juani, na yeye ndiye aliyetukanwa.

"Wakibaki sita," alisema, "maziwa yatawahi gari."

"Mwambie mwenye shamba hivyo hivyo," Edah akamwambia. "Na mwende na wakamuaji wote wanane, walio na bibi na wasio nao. Mmoja akisema, ataitwa mkorofi. Wanane wakienda na mpango mzuri, watasikilizwa."

Jumatatu walikwenda. Mwenye shamba aliuliza habari ya maziwa mara tatu, kisha akasema wajaribu. Mukhisa hakufukuzwa. Lakini Wabwile alimwambia, "Kwa sababu ulidanganya, zamu yako ni ya mwisho."

Ya mwisho ilikuwa wiki ya nne. Mukhisa aliangalia mawingu ya mvua juu ya Mlima Elgon.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Jotham na mwenzake mmoja. Ijumaa alimfuata Mukhisa zizini, akijikuna kichwa.

"Wewe, hilo paa linavuja kweli, ama ni kama yule bibi?"

"Linavuja kweli."

"Basi chukua wiki yangu. Watoto wangu wana paa. Wabwile akiuliza, nitamwambia ng'ombe wangu wamekataa niende."

Wabwile hakuuliza. Alijifanya hajaona.

Jumamosi Mukhisa alifika Bokoli saa nane. Nilikuwa nimeshakata nyasi na kuzifunga mafungu. Yeye alipanda juu, mimi nikarusha. Mama Nekoye alisimama uani akituelekeza, "Hapo bado! Na hapo! Ala, mnaharakisha nini?" Jumapili jua likizama, tulimaliza.

Mvua ilikuja Jumatano, na radi yake. Mama Nekoye alishuka kitandani. Akapapasa sakafu, kona hadi kona, kwa mkono wake.

Ilikuwa kavu.