Nduru Iliyotoka kwa Dani

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kuteka maji, Terry aliketi na dani yake kando ya ukuta wa jikoni kuchagua mchele. Dani, yaani nyanya yake, aliuza mchele katika soko la Katito. Aliyemletea ni kitinda mimba wake, Zadock, aliyefanya kazi katika mashamba ya mpunga kule Ahero. Dani alipepeta, Terry akaokota mawe, na hadithi hazikukoma.

"Haya mawe Zadock huyapanda pamoja na mpunga, ama?" Dani alisema, akitupa moja mbali. "Akija nitampikia sahani nzima ya mawe. Na mchuzi juu."

Jumamosi hiyo Terry alicheka kidogo tu. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye filamu.

Tangu muhula uanze, Mwalimu Wakhisi alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wa chama cha filamu kazi za mzee mmoja wa Uingereza aliyetengeneza filamu maisha yake yote. Terry alitarajia kuona magari ya kifahari na watu wenye nyumba za vioo. Akaona waashi, wafagizi, mama aliyefutwa kazi, na baba aliyepanga foleni kutwa nzima akiomba msaada. Walizungumza kwa kukatizana, kama watu wa sokoni. Mwanzoni wanafunzi walipiga miayo, lakini baadaye darasa lilinyamaza kabisa.

"Wengi wao si waigizaji wa kusomea," mwalimu alieleza. "Ni wafanyakazi wa kawaida. Na huyu mzee hawaambii hadithi yote. Huwapa kipande cha leo, cha kesho hawakijui. Kwa hivyo ukimwona mtu ameshtuka, ameshtuka kweli."

Maneno hayo yalimkaa Terry kichwani. Mwalimu aliendelea kueleza, lakini yeye alikuwa tayari akimnong'onezea rafiki yake Nelima. Kila kikundi kilitakiwa kuleta filamu fupi kuhusu maisha ya nyumbani, na ile bora ingeonyeshwa Kisumu mbele ya shule nyingi. Terry aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

"Tumwambie dani yako mbuzi amepotea," Nelima alipendekeza walipokutana nyuma ya jikoni, yeye akiwa na simu ya mama yake mkononi, tayari inarekodi.

"Mbuzi! Nani atamlilia mbuzi? Tunataka uso wa kushtuka."

"Sasa umwambie nini?"

Terry alimwambia. Nelima akaishusha simu.

"Terry, hiyo ni mbaya. Kwetu hata kutaja kifo hivyo ovyo hawataki."

"Ni kidogo tu. Nikihesabu hadi tano namwambia ni mchezo, tunacheka. Wewe usinirekodi mimi. Rekodi uso wa Dani."

Alizunguka hadi barabarani, akarudi mbio akihema.

"Dani! Dani! Anko Zadock amegongwa na lori pale Ahero! Amekufa!"

Hakuwahi kuhesabu hata mbili. Ungo ulianguka na mchele ukamwagika. Dani aliinuka, mikono miwili kichwani, akakimbilia lango la boma, na kooni mwake ikatoka sauti ambayo Terry hakuwahi kuisikia.

"Uuuwi! Uuuwi! Zadock wuoda! Mwanangu, uuuwi!"

Terry aliganda. Alikuwa amesahau, au labda hakuwahi kuona sababu ya kulifikiria, jambo ambalo kila mtu wa kwao hulijua. Nduru ya aina hiyo ikipigwa langoni, hakuna anayeuliza kwanza. Watu huitika kwa miguu. Mama Akinyi, jirani wa karibu, aliacha sufuria motoni akatoka naye akilia. Boma la pili likapokea, na la tatu. Wanaume walikuja na majembe waliyokuwa wakilimia. Wanawake waliokuwa njiani kwenda sokoni walitua vikapu wakageuka. Kufumba na kufumbua uwanja ulijaa.

"Dani, ni uongo!" Terry alimvuta gauni. "Hajafa! Ni filamu!"

Mama Akinyi alimkumbatia kwa nguvu. "Lia tu, nyathina, mtoto wangu. Hata mimi walipoleta habari za mume wangu nilisema ni uongo."

"Mama Akinyi, nisikilize! Mimi ndiye—"

"Yawa, huyu mtoto amechanganyikiwa. Mpeni maji."

Odongo, mwendesha bodaboda aliyeishi ng'ambo ya barabara, alimpigia Zadock simu. Haikupatikana. Aliwatazama wenzake, akatikisa kichwa, na kilio kikapanda upya. Terry alijua kwamba mjomba wake huizima simu na kuiacha kwenye kibanda anapoingia majini shambani, lakini nani angemsikiliza? Wazee wawili walikuwa tayari wanaulizana gari la kuuleta mwili litatoka wapi.

Ndipo Dani akaanguka. Midomo yake ilikuwa imekauka, macho yakitazama mahali pasipo na mtu.

"Presha!" mtu alipaza sauti. "Mleteeni dawa zake!"

Dani angeweza kufa sasa hivi, na Terry ndiye angekuwa amemuua. Alikimbia nyuma ya jikoni, akamkuta Nelima amechuchumaa, machozi yakimtiririka, simu bado inarekodi. Aliichukua, akajipenyeza hadi kwa Odongo aliyekuwa akiwasha pikipiki.

"Unaenda wapi, Odongo?"

"Hospitali, kisha mochari. Toka njiani, mtoto."

"Nenda shambani! Sikiliza hii kwanza. Tafadhali, sikiliza!"

Odongo alizima pikipiki. Kwenye simu, sauti ya Terry mwenyewe ilisema: "Ni kidogo tu. Nikihesabu hadi tano namwambia ni mchezo, tunacheka."

Odongo akairudisha nyuma, akaongeza sauti, akaiinua juu ya vichwa vya watu. Waliokuwa karibu walinyamaza, kisha walio nyuma yao, mpaka kikabaki kilio cha Dani peke yake. Watu wote walimgeukia Terry. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Mama Akinyi, aliyekuwa amemshika bega, aliondoa mkono wake polepole, kana kwamba bega limemchoma.

"Sitaki simu," Dani alisema kutoka chini, walipomweleza. "Nileteeni mtoto wangu."

Odongo aliondoka kwa kasi. Watu hawakutawanyika. Walikaa, wengine wakimpepea Dani, na Mwalimu Wakhisi, aliyekuja mbio kutoka chumba alichopanga sokoni, akasimama peke yake karibu na lango. Terry alipiga magoti akiokota mchele punje kwa punje kutoka mchangani, kwa sababu hakujua mikono yake iende wapi tena.

Zadock alipoteremka kwenye pikipiki, matope yakiwa yamemfika magotini, wanawake wawili walipiga kelele za hofu. Dani alimshika uso, mabega, kisha akainama na kumshika miguu.

"Mama, ni mimi," Zadock alisema. "Mbona watu wengi hivi? Nani amekufa?"



Baadaye, Dani alipokwisha kunywa dawa na kutulia, Mwalimu Wakhisi alimwita Terry mbele ya Dani.

"Siku ile hukusikiliza hadi mwisho," alisema. "Yule mzee huwaficha waigizaji wake jambo litakalofuata. Lakini wote wamekubali kuwa ndani ya filamu. Hakuna hata mmoja asiyejua kwamba anaigiza. Dani yako alikubali lini?"

"Hakukubali, mwalimu." Terry aligeuka. "Dani, nisamehe."

Dani alimtazama. "Sauti ile niliitoa siku babu yako alipofariki. Sikutaka kuitoa tena. Mimi nitakusamehe, wewe ni mjukuu wangu. Lakini hawa watu waliacha kazi zao wakaja. Siku nitakapopiga nduru ya kweli, Terry, nani atatoka mbio?"

Terry aliichukua simu tena. Alifuta ile video, na Nelima akaona ikifutika. Kisha, jua likiwa bado kali, akaanza kuzunguka boma kwa boma. Kila mahali alisema alichokifanya bila kupunguza neno, akaomba msamaha. Wengine walimkaripia. Mzee mmoja alimfungia mlango.

Boma la mwisho lilikuwa la Mama Akinyi. Alimkuta akikwangua sufuria ya maharagwe yaliyoungua.

"Ukitaka mtu alie kwenye filamu yako, mwombe," Mama Akinyi alisema bila kuinua kichwa. "Akikataa, nenda zako. Ukimdanganya umemnyang'anya machozi, na hayo hayarudishwi."

"Ndiyo, Mama." Terry alichuchumaa kando yake. "Dani akiita tena, mtakuja?"

Mama Akinyi aliacha kukwangua.

"Tutakuja," alisema. "Tutakuja tukiwa na wasiwasi kama ni kweli, na huo wasiwasi ni wewe uliyeuleta. Lakini tutakuja."

Akamsogezea Terry sufuria na kijiko cha kukwangulia.