Kengele ya Saa Sita

Ilianza na harufu ya majivu yaliyolowa, chini ya kitanda cha Kidoti. Kisha mtoto akawa anazungumza na kitu humo chini, nacho kinamjibu kwa kikohozi cha mzee. Maskini, akakonda hadi shingo ikawa kama kijiti.

Mganga alikuja, akanusa, akarudi nyuma.

"Fungueni mlango saa sita mchana, jua likiwa utosini, hicho kitu kikose kivuli cha kujifichia. Semeni: asiye mwenye nyumba atoke. Lakini usiku msithubutu. Mkikifungulia saa sita ya usiku, kitaingiza wenzake, na nyumba mmewapa wao."

Baba Kidoti alikuwa mwokaji mikate, anakesha kazini na kulala mchana, ndiyo maana madirisha yao yalizibwa kwa mapazia meusi. Jioni alitega kengele ya simu, akamwachia mkewe.

"Lala, mama, umekesha mno. Mimi nikirudi nitalala kama gunia. Ikilia, fungua."

Ilipolia, Mama Kidoti alikurupuka. Giza lilikuwa lile lile la kila mchana.

"Asiye mwenye nyumba atoke!" akasema, akavuta komeo, akafumba macho kukwepa jua, na jua halikuja, ulikuja ubaridi uliompita magotini, na nyuma ya ubaridi nyayo, nyayo peku, moja baada ya nyingine kama watu wanaoingia msibani, na majivu yakamjaa kooni asiweze hata kupiga kelele, huku Kidoti kitandani akiwakaribisha mmoja mmoja.

Mwokaji alirudi alfajiri, unga nyusini.

"Ulitega saa ngapi, wewe mwanaume?"

"Kumi na mbili AM! Saa tano asubuhi si kumi na moja AM? Inayofuata itakuwa nini?"

"Hiyo ni usiku, baba! Nimewafungulia usiku!"

Mwokaji akakaa sakafuni. "Nani kapanga upuuzi huo?" akanong'ona.

Wakangoja, wamemkumbatia mtoto. Jua lilipofika utosini walifungua mlango, wakatamka pamoja: "Asiye mwenye nyumba atoke."

Chini ya kitanda, vikohozi vingi vikacheka.

Kidoti akavaa ndala zake. "Mama, wanasema tusichelewe."

Mama akamdaka ambebe, akashangaa miguu yake mwenyewe inakwenda. Mwokaji aling'ang'ania mwimo wa mlango, vidole vikamwachia kimoja kimoja, jamani, kama vinabanduliwa.

Walipofika uani, mlango ulifungwa nyuma yao, na komeo likasukumwa kutoka ndani.