Damu ya Mtoto, Damu ya Mama

Recho alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Lucy. Aliporudi nyumbani Mugango, mama mkwe wake, Scholastika, alikuja kukaa naye ili amsaidie. Kila asubuhi Scholastika alichemsha maji, akamwogesha mtoto, kisha akampikia Recho uji. Isidori, mume wa Recho, alianika dagaa na kuwapeleka soko la Mwigobero mjini Musoma.

Lucy alikuwa hajatimiza wiki. Asubuhi moja Isidori alikuwa ameshaondoka na dagaa wake. Scholastika alimwogesha mtoto, akamfunga nepi, akamlaza kitandani, akaenda kuchota maji ziwani. Recho alipofungua nepi ili aibadilishe, alishtuka. Kwenye kitambaa cheupe kulikuwa na damu.

Haikuwa nyingi. Lilikuwa doa dogo, kama la ncha ya kidole. Lakini ilikuwa imetoka ukeni mwa mtoto.

Recho alijiuliza nani amemshika mtoto. Ni bibi yake tu. Na kwao bibi, huko bara mbali na ziwa, wasichana walikuwa wakikeketwa. Alimfunika mtoto, akamkumbatia, akakaa akiutazama mlango.

Scholastika aliingia na ndoo. "Mlete nimbebe, wewe ule."

"Hapana, Mama."

"Kuna nini?"

Recho alimwonyesha nepi. Scholastika aliitua ndoo vibaya, maji yakamwagika.

"Hii damu ni ya nani?"

"Ya Lucy. Mama, ulipomwogesha ulimfanya nini?"

Scholastika alilielewa swali lile. Alikaa chini polepole.

"Mimi nilikeketwa nikiwa binti," alisema kwa sauti ndogo. "Yale maumivu nayakumbuka mpaka leo. Siwezi kumfanyia mtoto huyu." Kisha akaitazama tena nepi. "Sasa mtoto ana nini? Mtoto mchanga anatokaga damu kweli? Tutampoteza."

Recho hakujua amwamini au asimwamini. "Twende zahanati," alisema.

Alimbeba mtoto mwenyewe. Njiani alisimama mara kwa mara, kwa sababu kichwa kilimzunguka na miguu haikuwa na nguvu. Tangu jana yake damu yake mwenyewe ilikuwa imeongezeka. Pedi zililoa upesi, naye akawa anaongeza vitambaa juu yake. Hakumwambia mtu. Alijua kila mzazi hutokwa damu. Sasa aliogopa ya mtoto tu.

Kwenye zahanati walimkuta nesi Rhobi. Alinawa mikono, akamlaza Lucy mezani, akamtazama kwa makini. Recho alikaa kwenye benchi, Scholastika akasimama kando, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake.

"Hana kidonda," alisema nesi. "Hakuna aliyemuumiza."

Scholastika alifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Na damu inatoka wapi?" aliuliza Recho.

"Mtoto akiwa tumboni anapata homoni za mama yake. Ni zilezile zinazoongoza hedhi. Akizaliwa, zinapungua ghafla. Kwa hiyo baadhi ya watoto wa kike hutokwa damu kidogo wiki ya kwanza, halafu inakoma yenyewe. Msimpake dawa yoyote. Mwosheni kwa maji safi tu. Ila ikiwa nyingi, au isipokoma baada ya siku chache, au akikataa kunyonya, mrudisheni. Na msichana akitokwa damu ukeni baadaye, kabla hajafika umri wa kuvunja ungo, hiyo si kawaida. Apelekwe hospitali."

Recho aliinuka ili waende. Alipepesuka, akashika ukuta. Nesi akalitazama benchi alilokuwa amekalia. Lilikuwa limeloa damu.

"Recho, usitembee. Lala hapa."

"Ni damu ya uzazi tu. Si inatokaga kwa kila mzazi?"

"Inatoka, lakini inatakiwa ipungue. Inaanza nyekundu, inafifia, mwisho inakuwa majimaji ya njano au meupe. Yako inapungua?"

"Imeongezeka. Na kuna mabonge."

"Pedi inakaa muda gani?"

"Saa haiishi, imeshaloa."

Nesi hakupoteza muda. Alimchoma sindano ya kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze, akamwekea dripu, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Huku akifanya kazi, alizungumza na Scholastika.

"Mama, mzazi akilowesha pedi ndani ya saa moja, hiyo ni hatari. Akitoa mabonge makubwa, au damu yenye harufu mbaya, au akipata homa au kizunguzungu, msisubiri. Dalili moja tu inatosha."

Midomo ya Recho ilikuwa imepauka. "Mama," alisema, "mchukue Lucy."

Scholastika alimpokea mtoto.

Ndani ya gari Recho alisikia baridi kali. Sauti za watu zilimfikia kama zinatoka mbali. Scholastika alimwita jina, na Recho alipochelewa kuitika, mama mkwe wake alianza kumwomba Mungu kwa lugha ya kwao.

Isidori alipigiwa simu, akafika hospitali ya Musoma akihema, nguo zinanuka dagaa. Daktari alimweleza kwamba kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani, kikazuia mfuko wa uzazi kujikaza. Walikuwa wanakwenda kukitoa na kumwongezea damu. Isidori alichuchumaa nje ya mlango. Alikaa hapo mpaka nesi mmoja alipotoka na kumwambia, "Mke wako ameamka. Anataka mtoto anyonye."

Recho aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na vidonge vya kuongeza damu. Damu ya Lucy ilikuwa imeshakoma yenyewe.

Mwaka huohuo jirani yao Mary alijifungua. Scholastika alimpelekea uji. Nyumba ilijaa wanawake wakipokezana mtoto. Scholastika naye alimbeba, akamsifu, kisha akawaomba wenzake watoke kidogo. Akasogea karibu na kitanda.

"Mtoto nimemwona, ni mzima," alisema. "Sasa niambie wewe. Damu yako inaendeleaje?"

Tangu Mary ajifungue, hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Jana ilikuwa inapungua," alisema. "Leo imeanza kunuka. Niliona aibu kusema."

Scholastika aliweka uji chini, akampa mkono amwinue. "Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda pamoja."

Mary alipewa dawa siku hiyohiyo, kabla ugonjwa haujamlaza.