Alhamisi Kumi za Mwandiko

Kila Alhamisi, saa nane mchana, geti la shule lilifunguliwa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha mwisho peke yao. Wadogo walibaki madarasani wakichungulia madirishani kwa wivu, na wakubwa wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na kijitabu chenye jalada la njano kwapani. Huyu alikwenda gereji, yule kwenye tanuri la mikate, mwingine duka la dawa. Mwalimu wa ushauri ndiye aliyebuni mpango huo. Alisema amechoka kuwaona watoto wakimaliza shule leo, na kesho wamekaa nje ya nyumba zao wakiwatazama wenzao wanaokwenda kazini. Kwa hiyo kila mmoja achague mahali pa kazi, aende Alhamisi kumi, aandike alichokiona, na mwenyeji wake atie sahihi.

Katika kundi hilo alikuwamo msichana ambaye shule nzima ilimwita Mwandiko. Hati yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba walimu walimwazima awaandikie vyeti. Siku za Alhamisi Mwandiko alitoka getini na wenzake, akapinda kona ya kwanza, akajifanya anafunga kamba za viatu mpaka wote wakapita, kisha akarudi nyuma ya ukuta wa shule, penye tangi bovu la maji. Akaketi kivulini, akafungua kijitabu, akaanza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kutunga.

Haikuanza hivyo. Alhamisi ya kwanza alikwenda kweli. Alikuwa amechagua karakana ya viungo bandia kule hospitalini, yeye na mwenzake mmoja anayeitwa Chelewa. Alifika mlangoni, akachungulia, akamwona mwanamume ameketi juu ya meza, suruali imekunjwa, na kigutu cha mguu wake kimenyooshwa mbele kikipakwa kitu cheupe.  Miguu ya Mwandiko mwenyewe, yote miwili mizima, ikamchukua mbio hadi barabarani. Aliona haya, na kwa kuwa aliona haya, hakumwambia mtu.

Lakini kijitabu hakijui haya. Kinataka kuandikwa. Basi akaandika: "Leo nimeshuhudia fundi akichonga mguu kwa patasi, harufu ya mbao mbichi ikiwa imejaa chumbani. Nimejifunza kwamba uvumilivu ni chombo cha kwanza cha fundi." Chini yake akatia sahihi ya fundi kwa mkono wa kushoto, isifanane na hati yake, na hata hiyo ikatokea nzuri, na kimkia kirefu kama cha waziri. Alhamisi iliyofuata akaandika tena. Mara ya tatu hata hakujisumbua kuwaza juu ya kwenda.

Chelewa yeye alikwenda zote kumi. Jina hilo alilipata kwa sababu siku hizo hakurudi shuleni kwa wakati hata mara moja, na aliporudi alikuwa na unga mweupe hadi kwenye nyusi. Kijitabu chake kilikuwa aibu tupu. Kurasa zilinatana, pembe zimejikunja, na maneno machache: "Nimekoroga plasta. Mkono unauma." Wiki iliyofuata: "Nimekoroga tena. Fundi kasema nzito mno."

"Mbona hukuja?" Chelewa alimuuliza Mwandiko mara moja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Mimi huenda asubuhi," Mwandiko akajibu.

Asubuhi wote wawili walikuwa darasani, dawati moja. Chelewa alimtazama, akaenda zake.

Nyumbani kwao Mwandiko palikuwa na kiti kimoja karibu na mlango, na kiti hicho kilikuwa cha kaka yake. Kaka alimaliza shule miaka mitatu iliyopita na cheti kizuri. Cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani, na kaka akakaa chini yake, siku baada ya siku, na kandambili zake. Mwanzoni alikuwa akitoka kutafuta kazi na shati lililopigwa pasi. Siku hizi shati halitoki tena sandukuni.

"Kazana na shule, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Ukimaliza utanikuta hapa hapa, nikupishe kiti."

Mama yao, ambaye alifua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni, hakuupenda utani huo. Alikuwa akigeuka na kujitia kazi jikoni. Tumaini lote alilobaki nalo alikuwa amelihamishia kwa binti yake, na Mwandiko alilijua hilo. Usiku alikosa raha.

Jumatatu moja, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu wa ushauri aliingia darasani na rundo la vijitabu na bahasha moja.

"Karakana ya viungo bandia inamtaka mtu mmoja," alisema. "Mmoja tu. Atafundishwa kazi miaka miwili, na akifuzu ataajiriwa pale pale. Wameniachia nichague mimi. Nimesoma vijitabu vyenu vyote, na kuna kimoja kilichonitoa machozi."

Akakiinua. Darasa likapiga makofi kabla hata hajataja jina, maana hati ile nani asiyeijua? Mwandiko alisimama. Chelewa naye alipiga makofi. Alipiga polepole, huku ameinamisha kichwa.

"Peleka barua hii na kijitabu chako kesho, fundi mkuu aitie sahihi," mwalimu alimwambia. "Iwe imerudi kwangu Ijumaa kabla ya saa sita. Ikichelewa, nafasi inakwenda shule nyingine."

Kesho yake Mwandiko alikwenda hospitalini. Safari hii hakuwa na pa kukimbilia.

Fundi mkuu alikuwa mama mnene mwenye aproni ya turubai na miwani iliyofungwa uzi. Chumba chake kilinuka gundi na plastiki ya moto. Ukutani ilining'inia miguu isiyo na wenyewe, mirefu na mifupi, na kwenye rafu palikuwa na kiatu kidogo cha mtoto, cha kushoto peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa shida gani?"

Mwandiko akatoa barua na kijitabu. Fundi alisoma barua, akafungua kijitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, kisha akarudi mwanzo na kuusoma kwa sauti.

"'Akichonga mguu kwa patasi, harufu ya mbao mbichi...' Mbao?" Akageuka kulia, akageuka kushoto, akainama hadi chini ya meza. "Nionyeshe mbao iliko, mwanangu. Mimi niko hapa miaka ishirini na mbili, sijaiona. Sisi tunachukua umbo la kigutu kwa plasta, halafu tunalainisha plastiki kwenye oveni ile."

Mwandiko alitazama sakafu.

"Na hii ndiyo sahihi yangu? Nzuri hasa. Laiti ningekuwa nayo!" Hakucheka. Alikunja barua akairudisha ndani ya bahasha. "Yuko wapi yule mwenzako wa plasta? Yule anayekoroga huku kauma ulimi?"

"Yuko... shuleni."

"Mimi barua hii siitii sahihi. Wala simpigii mwalimu wako simu. Utakwenda kumwambia mwenyewe." Akavuta ndoo yake, akaendelea na kazi.

Njia nzima Mwandiko alijiapiza kwamba atasema. Lakini alipofika shuleni mwalimu alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu.

"Fundi amesafiri," Mwandiko alisema. "Atarudi Alhamisi."

Nyumbani mambo yalizidi kuwa mabaya, kwa sababu yalikuwa mazuri. Mama alikuwa amekwisha kuwaeleza majirani. Alikuwa amemshonea aproni kutokana na shuka kuukuu, na mfuko wa mbele wa kuwekea kalamu. "Ijaribu, mwanangu, nione kama inakukaa," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Aproni ilimkaa sawasawa. Mwandiko aliivua upesi, akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala na jua lingali juu.

Alhamisi jioni, mama akiwa bado kazini, kaka aliiona bahasha imechomoza kwenye begi. Aliisoma. Akamwita dada yake, akamuuliza mbona haina sahihi na mwisho ni kesho. Mwandiko akajaribu kudanganya tena, lakini uwongo ulikuwa umemwishia. Akamwaga yote, tangu kigutu mpaka mbao.

Kaka alizungushazungusha kandambili kwa kidole cha mguu.

"Mimi sikumdanganya mtu," alisema hatimaye, "na niko hapa. Wewe umedanganya, na utakuwa hapa. Hilo tumelizoea nyumba hii. Lakini huyo mwenzako, aliyekwenda siku zote kumi, kakosa nini hata na yeye akae kwenye kiti kama hiki?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu, na uchovu ule ulimchoma Mwandiko kuliko kofi. Aliona wazi kwamba hakuna njia ya yeye kutoka salama. Akisema, amekwisha. Asiposema, saa sita ya kesho itapita, na Chelewa naye atakuwa amekwisha.

Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza kufika ofisini kwa mwalimu wa ushauri. Alisema akiwa amesimama, na hakulia mpaka alipofika kwenye sahihi.

Mwalimu alisikiliza, uso ukimshuka. Akakipokea kijitabu cha njano, akakifunua, akakifunga.

"Nami nilitokwa machozi," alisema. Kisha akaongeza: "Kosa lako ni lako. Lakini na mimi ninalo langu. Niliisoma hati, sikuisoma kazi. Simu iko hapa mezani, na kwa wiki kumi zote sikumpigia yule fundi hata siku moja kumuuliza nani anakwenda."

Alipiga sasa. Mazungumzo hayakufika dakika mbili. Chelewa aliitwa kutoka darasani, akaandikiwa barua mpya, akakimbia nayo hospitalini. Alirudi saa sita kasoro dakika tano. Ndiyo siku pekee ambayo hakuchelewa.

Alipokutana na Mwandiko varandani, alisimama. "Ungesema kwamba umeogopa tu," alisema. "Ningekushika mkono tukaingia."



Adhabu ilitangazwa mbele ya gwaride. Kijitabu chake kilifutwa, na ikasemwa kila mhitimu atapewa barua ya kumtambulisha kwa waajiri isipokuwa yeye. Jioni alimweleza mama. Mama hakumgombeza. Aliichukua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka sandukuni juu ya shati la kaka, akashusha mfuniko. Mwandiko angependelea kuchapwa.

Mwalimu alimpa kijitabu kipya. "Zimebaki Alhamisi mbili tu kabla ya mtihani," alisema. "Hazikupatii nafasi. Hazikupatii barua. Kwenda ni hiari yako."

Alhamisi Mwandiko alitoka getini, akaipita ile kona, akaendelea kutembea. Kwenye karakana, yule mwanamume wa siku ile alikuwa mezani tena, suruali imekunjwa. Mwandiko alijilazimisha kutazama. Kilikuwa kigutu tu, ngozi kama ngozi ya mtu yeyote, na mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba plasta ya baridi inamtekenya.

Fundi alimkabidhi bakuli na mwiko bila maelezo marefu. Mwandiko alikoroga. Plasta ikaganda kabla hajamaliza, mwiko umesimama katikati. Fundi akaitupa, akampa nyingine. Nayo ikaganda, na ya tatu, na ya nne, na ya tano. Saa kumi mkono ulikuwa mzito, nusu ya nywele zake nyeupe, na hakuna alichotengeneza.

"Keti," fundi alisema. "Nikwambie, na uwaambie wadogo zako wanaokuja nyuma. Siku yangu ya kwanza hapa nilitapika kwenye ndoo ile. Nikasema nimeogopa, nikafundishwa. Mtu anayeniambia hajui, huyo ninamuweza. Anayeniandikia kwamba amejua, nitamfunza nini? Mwenzako Alhamisi zake kumi ziko mikononi. Zako ziko kwenye karatasi, na karatasi haikorogi plasta. Shule ikikwambia ujiandae na maisha, inakupa siku. Siku ukiziongopea, hazirudi. Hizi za kwako hazitarudi, mwanangu, nisikufiche."

"Naelewa, mama," Mwandiko alisema.

"Nafasi sina. Mwaka ujao sijui kama nitakuwa nayo."

"Naelewa."

Mwandiko alifungua kijitabu kipya, akaondoa kofia ya kalamu. Vidole vilitetemeka kwa uchovu, na herufi zikaanguka huku na huku, kubwa na ndogo, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Aliandika: "Nimekoroga plasta mara tano. Imeganda mara zote. Mkono unauma." Akamsogezea fundi kijitabu. Fundi alipangusa kidole kwenye aproni, akatia sahihi yake ya kweli, mikwaruzo miwili mibaya isiyosomeka, na pembeni yake likabaki doa jeupe la plasta.